Saa ya tantali: vidole vya Genève na vidole vya Rubaya

Ndugu wachimbaji, mama zetu wa kusafisha mchanga, na ninyi watoto mnaosomea wazazi gazeti hili nyumbani: leo tunaomba tuzungumze juu ya saa. Saa ya mkono, ile ya kuvaa. Msituulize haraka sendika imeingia wapi katika mambo ya saa. Tutafika.

Ilianza siku ya mvua. Tulikuwa tumekaa chini ya maturubai tukingoja barabara ikauke kidogo, maana kati ya Sake na Masisi mvua ikinyesha hata pikipiki inalala njiani. Kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu anayesoma Goma, akatoa telefone akatuonyesha picha. Saa yenye uso wa buluu unaong'aa kama kioo cha gari jipya, na kasha la rangi ya kijivu iliyoiva, karibu na buluu ya wingu la jioni. Akasema: "Papa, munaona hii kasha? Haiko chuma, haiko fedha. Ni tantali. Inatokaka ndani ya coltan."

Watu wakanyamaza kidogo. Kisha mzee mmoja akauliza swali la kwanza la kila mchimbaji: "Iko bei gani?" Kijana akajibu, makumi ya maelfu ya dola. Mzee akasema wacha uongo, akainuka kwenda kuangalia mvua.

Hapana uongo. Saa hiyo inaitwa Chronomètre Bleu. Ilitolewa mwaka 2009 na fundi anayeitwa François-Paul Journe, Mfaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1957, mwenye karakana yake mjini Genève, Uswisi. Upana wake ni milimita 39. Haina pile. Unaijaza kwa vidole kila baada ya siku mbili hivi, kwa sababu nguvu yake inadumu saa 56. Kasha lake ni tantali, na mashine iliyo ndani haikutengenezwa kwa shaba kama saa nyingine, imetengenezwa kwa dhahabu ya karati 18, maana yake sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu yenyewe. Kwa hiyo nje ni aina ya madini ya Masisi, ndani ni aina ya madini ambayo ndugu zetu wa Walikale wanayatafuta kule Omate na kuyauza Mubi. Tulipoelewa hivyo, mvua ilikwisha na hakuna aliyeondoka.

Tulipofika Goma tuliipeleka ile picha kwa fundi saa mmoja wa Birere, mzee anayefanya kazi kwenye meza ndogo, kioo cha kukuza kimebanwa jichoni, kibano mkononi. Tulimletea pia saa ya zamani ya mwenzetu aliyefanya kazi SOMINKI wakati ule kampuni hiyo ingali hai, saa ya kujaza, ambayo aliinunua kwa mshahara wake na mpaka leo anaivaa kwenda kanisani. Fundi akafungua kifuniko cha nyuma, akatuita mmoja mmoja kuangalia.

Ndani kuna resori iliyojikunja kama nyoka amelala. Ukizungusha kifungo cha pembeni, unaikaza. Inataka kufunguka, na ikifunguka yote kwa mara moja, mishale itazunguka kama feni na kusimama. Njo maana kuna magurudumu ya meno, moja linasukuma lingine, na mwisho wa mstari kuna kagurudumu kanakokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kakiruhusu jino moja tu lipite kila mara. Hiyo tik-tik unayoisikia ni jino linapita. Katika saa za namna ya Chronomètre Bleu kagurudumu hako kanapiga mara sita kwa kila sekunde, mchana na usiku. Fundi akasema: "Ile ya Genève na hii ya mzee, mama yao ni mmoja. Ufundi ni ule ule wa miaka zaidi ya mia mbili. Wao wanaongeza tu usafi, na sura ya kisasa, na subira."

Subira ndiyo neno. Katika karakana za namna hiyo, kila kipande kidogo kinapitishwa mkononi. Kingo zake zinachongwa kwa tupa ndogo, zinasuguliwa mpaka zirudishe mwanga, hata sehemu ambazo mwenye saa hatazifungua kamwe kuziona. Mafundi wanakaa wameinama siku nzima juu ya kitu kisichozidi ukucha. Sisi tunaoheshimu kazi ya mikono hatuwezi kucheka kazi hiyo. Mtu aliyewahi kukata mti wa kushikilia mlango wa shimo, akaupima kwa jicho na ukaingia sawasawa, anajua tunasema nini.

Na tantali yenyewe ni mkaidi. Mnajua coltan kwa uzito: mchanga mweusi, ukiujaza kiganjani mkono unashuka. Ukiishatoa tantali ndani yake, metali hiyo ina uzito zaidi ya mara mbili ya chuma kwa ukubwa ule ule, na haiko mbali sana na dhahabu. Inayeyuka kwenye joto la digrii 3000 na zaidi. Asidi nyingi haziigusi, njo maana madaktari wanaitumia ndani ya mwili wa mtu, kwa mfano kuziba mfupa. Lakini ukiipeleka kwenye mashine ya kuchonga, inashikamana na kisu cha mashine kama ugali wa moto, inakula vifaa, na kuing'arisha ni kazi ya kuchosha. Kwa hiyo watengenezaji wa saa waliothubutu si wengi. Audemars Piguet waliitumia tangu mwisho wa miaka ya 1980, Omega nao miaka ya 1990, na mwaka 2018 Omega wakatoa tena saa ya wapiga mbizi yenye titani, tantali na dhahabu, nakala 2500 tu.

Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1802 mtaalamu wa Uswidi, Anders Gustaf Ekeberg, aliitambua metali hii, akaona kwamba hata ukiitumbukiza katika asidi, hainywi kitu. Akakumbuka hadithi ya Wagiriki ya zamani juu ya mfalme Tantale, aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji mpaka kidevuni. Akiinama anywe, maji yanashuka. Akinyoosha mkono achume tunda, upepo unalivuta tawi. Akaipa metali jina lake. Tulipoisimulia hadithi hii kwa wenzetu wa Rubaya walicheka sana, na mmoja akasema: "Huyo mfalme, alikuwaka na carte ya creuseur?"

Sasa hesabu. Tuliifanya nyuma ya karatasi ya mahudhurio, na mtu yeyote aliyefika darasa la sita anaweza kuirudia. Chukua kilo moja ya coltan iliyosafishwa, yenye teneur ya 30 kwa mia. Ndani yake mna gramu 300 za oksidi ya tantali. Katika oksidi hiyo, kama sehemu 82 kwa mia ni tantali yenyewe, nyingine ni oksijeni. Zinabaki gramu karibu 245. Tuseme kasha la saa linachukua gramu 60. Kilo moja, makasha manne. Tuseme nusu inaondoka kwenye mashine kama maganda (hayatupwi, yanarudi kuyeyushwa, lakini tuache): makasha mawili. Kilo moja ya mchanga mweusi, saa mbili. Bei ya kilo kwenye shimo mnaijua ninyi wenyewe, hatuna haja ya kuiandika hapa. Na kabla haijafika mkononi mwenu imeshakatwa na mwenye shimo, na mwenye pampu, na yule anayekaa kwenye kizuizi cha barabara.

Hapo katikati ya mkutano mwenzetu mmoja alitaka tuandike moja kwa moja kwamba saa hizo zimetengenezwa kwa coltan yetu. Tulikataa, na tunaeleza sababu. Coltan ikitoka huku inapita kwa négociant, inaingia comptoir, inavuka mpaka, inafika kiwandani. Viwanda vya kutoa tantali viko China, Kazakhstan, Thailand, Estonia, Ujerumani, Marekani. Huko mchanga wa Masisi unamwagwa pamoja na wa Brazil na wa Rwanda na wa Australia, unayeyushwa ndani ya asidi kali, tantali inatengwa na niobi ndugu yake, inakuwa unga, unga unakuwa vyuma. Ikishafika hapo haina kijiji tena. Fundi wa Genève akinunua kipande, hakuna mtu duniani atakayekishika na kusema hiki ni cha Bibatama, kile ni cha nchi nyingine. Kumlaumu bila ushahidi ni kosa. Na tena saa ni tone tu: sehemu kubwa ya tantali ya dunia inaingia katika vile vidude vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefone, kompyuta, magari na ndege. Saa zote za tantali zilizowahi kutengenezwa hazifiki mbali ukilinganisha na magunia yanayoshuka Rubaya.

Lakini saa inaonekana. Kidude cha telefone hakuna anayekivalia suti. Saa mtu anaikunjulia mkono wa shati ili wenzake waione. Njo maana tumeichagua.

Kuna nyingine tunayotaka mwijue, kwa sababu iliwagusa wenzetu kuliko ile ya buluu. Mwaka 2012 mtengeneza sinema wa Marekani, Francis Ford Coppola, alimuuliza Journe kama kuna mtu aliyewahi kutengeneza saa inayoonyesha muda kwa kiganja cha mtu. Fundi alifikiri miaka. Mwishowe akatengeneza saa inayoitwa FFC: katikati ya uso wake kuna mkono wa chuma, wenye vidole vitano vinavyokunja na kukunjua. Saa moja kidole kimoja, saa mbili viwili, na baada ya tano vidole vinapangwa kwa alama nyingine mpaka kumi na mbili. Mfano wa mkono huo aliuchukua kwa Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa Ufaransa wa miaka ya 1500, ambaye alichora mikono ya chuma kwa ajili ya askari waliokatwa mikono vitani. Kasha la nakala ya kwanza iliyouzwa lilikuwa la tantali. Novemba 2021, katika mnada wa Only Watch huko Genève, mnada unaokusanya pesa kwa utafiti wa ugonjwa wa misuli wa watoto, ilinunuliwa kwa franka za Uswisi milioni 4 na nusu.

Pesa ile ilikwenda kwa watoto wagonjwa, na hatuna neno la kusema juu ya hilo, Mungu awabariki. Tunasema tu kilichotokea tulipoonyesha video ya saa hiyo. Kati yetu alikuwepo mwenzetu aliyepoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume, jiwe lilishuka akiwa anapitisha gunia. Aliyekuwa mwenye shimo alimpa pesa ya pikipiki mpaka hospitali, basi, yakaishia hapo. Akaangalia vile vidole vya chuma vikikunja na kukunjua. Akaomba aione tena. Mara ya tatu akasema, "Kumbe wanajua kuvitengeneza," akarudisha telefone.

Sisi wa chini ya ardhi muda wetu hatuusomi kwenye saa. Tunausoma kwenye torche ya kichwa. Ikianza kuwa nyekundu, umekaa sana. Ikizima, umekosea. Mama akiwa nyumbani anahesabu kwa jua, na jua likigusa kilima kabla mumewe hajafika anamtuma mtoto kwa jirani kuuliza kama shimo lao limetoka. Mvua za jioni ndizo tunazoogopa kuliko bunduki, maana bunduki unaisikia inakuja. Udongo wa Rubaya umetobolewa kila upande, mashimo yanakutana chini bila mwenyewe kujua, na miti ya kushikilia inatiwa pale tu mwenye shimo anapopenda. Kilima kikishuka, kinashuka na watu.

Juu ya hayo kuna vita. Tangu tarehe 30 Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa mwaka ule kwamba kodi ya coltan huko inaingiza kama dola 800 000 kwa mwezi. Februari 2025 serikali ya Kinshasa iliyaweka machimbo mengi ya Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu, maana yake hakuna biashara halali itokayo hapo. Walikale nako: Machi 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre, na kampuni kubwa ya bati ya Bisie ikafunga kazi, ikafungua tena Aprili. Wazee wanakumbuka na mengine. Mwaka 2000 bei ya coltan ilipanda kama moshi, watu wakaacha mashamba na ng'ombe, 2001 ikaanguka. Septemba 2010 Kinshasa ilifunga machimbo yote ya Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na tuliona watoto wakitoka shule kwa kukosa minerval. Kila mara mlango unafungwa huko juu, anayelala njaa ni yule yule.

Njo maana hatuungi mkono wale wanaosema: acheni kununua kitu chochote cha Kongo. Rangi nyekundu kwenye karatasi haizuii gunia kutembea usiku. Inapunguza tu bei kwa aliyelichimba, kwa sababu anayenunua anasema anabeba hatari.

Na sheria hazikosekani. Uswisi yenyewe, tangu tarehe 1 Januari 2022, inadai kampuni zinazoingiza bati, tantali, tungsten na dhahabu zichunguze kama zinatoka sehemu za vita. Lakini inawahusu wanaoingiza kuanzia kiasi fulani kwa mwaka, na karakana ya saa inayotumia vipande vichache inaweza kupita chini ya kamba hiyo bila kuvunja sheria yoyote. Huku kwetu, Novemba 2018 coltan iliandikwa kati ya madini ya kimkakati, redevance yake ikawa 10 kwa mia. Kodi hiyo inagawanywa: 50 Kinshasa, 25 jimbo, 15 kwa ETD ambako madini yametoka, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Soma tena hiyo 15. Secteur na chefferie zina haki ya kudai, na ninyi mna haki ya kuuliza chefferie yenu imedai au hapana, na ikipokea imejenga nini. Etiketi za mifuko nazo tulizipokea kwa furaha, tukafikiri mfuko wenye namba hautaiba. Baadaye tuliona etiketi zinatembea peke yake kutoka mlima mmoja mpaka mwingine, na mwaka 2022 Global Witness waliandika wazi kwamba mifuko ya machimbo yasiyokubaliwa ilikuwa inapata etiketi.

Basi tumefanya nini? Tumeandika barua. Imeandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu Genève wanasema Kifaransa, na kwa heshima, kwa sababu ni mafundi wanaandikia mafundi. Inakwenda kwa watengenezaji wa saa wanaotumia tantali, wale wote tunaowajua, bila kumshtaki hata mmoja. Haiombi msaada wa nguo za zamani.

Inawaeleza kwanza kazi yetu: shimo, mto, sumaku ya kutoa chuma, mchanga mweusi, mizani. Wao wanaandika vitabu vizima juu ya kung'arisha kijipande cha milimita mbili, hatudhani watachoka kusoma kurasa tatu. Halafu inawaomba wamuulize aliyewauzia metali ni kiwanda gani kilichoitoa, na kiwanda hicho kinanunua milima gani, na jibu waliweke pamoja na kitabu kidogo wanachompa mnunuzi, pale wanapoandika jina la aliyeunganisha saa. Mwisho inasema kwamba siku njia halali itakapofunguka tena kwa Masisi, karakana inayohitaji kilo chache kwa mwaka inaweza kununua kwa jina, kutoka kwa coopérative yenye mashimo yaliyotiwa miti, kwa bei iliyoandikwa ubaoni, na sehemu ya bei hiyo ikaingia katika sanduku la wajane na wa vidole. Kwao tofauti haitaonekana hata kwenye bei ya mkanda wa saa.

Kwa upande wetu tumekubaliana tusingoje jibu. Sanduku limeanza, kila mwanachama anatia kidogo siku ya mizani, na fedha za kwanza zimenunua miti na kamba kwa mashimo mawili ya wenzetu wa upande wa Walikale, ambako kazi inawezekana kwa sasa. Mwenzetu wa vidole vitatu ndiye anayeshika daftari. Anaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, lakini hesabu zake hazijakosea.

Barua itasomwa kwa sauti, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, katika mkutano wa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada. Mwenye neno la kuongeza aje nalo, na anayejua jina zuri la Kiswahili la kile kagurudumu kanakokwenda na kurudi, alilete pia, maana mfasiri amekwama hapo.